Mawe Yasiyo na Dhahabu Nayo Yafundishwe

Mwanafunzi wa Geita au Kahama hana haja ya kuelezwa karasha ni kitu gani. Amelisikia likinguruma mwaloni tangu utotoni: pipa la chuma lizungushwalo kwa mota, na ndani yake gololi nzito zikiyaponda mawe mpaka yawe unga, ili unga huo uoshwe na dhahabu ikamatwe. Jiwe lisilo na dhahabu hutupwa, wala hakuna aulizaye jina lake.

Naona kwamba pipa lile lile, likipunguzwa kimo na kuondolewa gololi, lastahili kuingia katika maabara za shule zetu za sekondari. Katika nchi nyingine chombo hiki hukaa nyumbani mwa watu wapendao kung'arisha vijiwe kwa kujifurahisha. Sisi tunaoishi juu ya miamba ya Geita na Shinyanga tuna sababu kubwa zaidi ya kuwa nacho.

Kazi yake si ngeni. Kokoto za ufukweni mwa Ziwa Victoria ni laini kwa sababu mawimbi huzisugua pamoja na mchanga, miaka nenda miaka rudi. Pipa huifupisha kazi hiyo iwe ya mwezi mmoja hivi. Hujazwa mawe kiasi cha theluthi mbili, kisha maji, kisha vijiko vichache vya unga wa silikoni kabaidi, kitu ambacho Mmarekani Edward Acheson alianza kukitengeneza mwaka 1891. Wiki ya kwanza unga wa chembe kubwa hula kona za mawe. Wiki ya pili na ya tatu unga mwembamba zaidi hufuta mikwaruzo, na ya nne unga wa oksidi ya alumini huleta mng'aro. Baina ya hatua na hatua kila kitu huoshwa kwa uangalifu, maana punje chache za unga wa kwanza zikibakia, kazi yote huharibika. Nimewahi kuufanya uvivu huo, nikatoa mawe yenye michubuko kama yaliyoburutwa barabarani.

Kwa nini mchanga wa mtoni usitumike? Hapa ndipo somo lenyewe linapoanza. Katika kipimo cha ugumu alichokibuni Friedrich Mohs mwaka 1812, mchanga, ambao kwa sehemu kubwa ni kwatsi, una ugumu wa 7. Na lile jiwe jeupe la mishipa ya dhahabu nalo ni kwatsi. Kitu hakiwezi kukikwaruza kwa urahisi kilicho sawa nacho. Silikoni kabaidi imepita 9, na almasi ni 10. Almasi ya waridi iliyopatikana mwaka 1947 katika mgodi wa Williamson, Mwadui, ilikuwa na karati 54.5, baada ya kukatwa zilibaki karati 23.6 tu, na kilichoikata ni almasi nyingine iliyosagwa. Mwanafunzi wa Shinyanga asiyelijua jambo hili amenyimwa habari za nyumbani kwake.

Mwendo wa pipa nao ni hesabu. Lenye kipenyo cha sentimita 20 likizunguka mara 95 hivi kwa dakika, mawe yaliyo ukingoni hugandamana na ukuta, yasisuguane tena. Kwa hiyo lazima lizungushwe polepole, karibu nusu ya hapo. Kanuni yake kijana ameikariri kwa Kiingereza kwa ajili ya mtihani. Hapa ataisikia kwa masikio, kwani mawe yakiacha kuporomoka pipa hunyamaza.

Yapo pia yatakayoonekana. Vilima vya Geita vina mwamba wa chuma wenye michirizi, ambao kwa nje ni kutu tupu. Ukisuguliwa, hutokea mistari myeusi, ya kijivu na myekundu, iliyotandazwa chini ya bahari zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu iliyopita. Ndani ya mwamba huo huo dhahabu ilijipenyeza baadaye.

Lakini kinachonisukuma hasa kuandika ni vumbi. Vijana wetu wengi wakitoka shuleni huelekea mwaloni, nao huponda mawe makavu bila kujua kwamba vumbi la kwatsi likiingia mapafuni huleta silikosisi, ugonjwa usio na dawa ya kuuponya, na humfungulia mtu mlango wa kifua kikuu. Ndani ya pipa la shule jiwe husagwa katika maji, kwa hiyo haparuki kitu. Mwalimu na achukue tope lile la kijivu, alionyeshe katika chupa iliyofungwa, aseme: hili likikauka ndilo lile mnalolivuta kule. Kisha alimwage shimoni lingali bichi, lisikauke sakafuni wala lisiingie bombani, kwani huganda kama saruji. Mfuniko ufunguliwe kila siku, maana gesi yaweza kujikusanya ndani. Na mawe yasiokotwe palipotumika zebaki.

Watauliza fedha zitoke wapi. Unga wa kusugulia lazima ununuliwe, nami sitaficha hilo. Mota ya feni kuukuu na vipande vya bomba vilivyovikwa tyubu ya baiskeli vyatosha kwa mengine, na fundi wa makarasha ataviunga vizuri kuliko mimi. Shule isiyo na umeme na ianze na msasa wa maji uliotandazwa juu ya kioo: kila mwanafunzi jiwe lake, upande mmoja tu, kwa mkono, likiwa limelowa muda wote. Likimalizika, liandikwe jina lake, ugumu wake na mahali lilipookotwa, liwekwe rafuni.