Bei ya Mwezi wa Kwanza Si Bei ya Mkopo

Nilisomea masoko chuoni, kwa hivyo najua vile tangazo hupangwa: namba tamu inakaa juu kwa herufi kubwa, masharti yanakaa chini. Hivyo ndivyo mikopo mingi ya nyumba iliuzwa Marekani kabla ya 2007.

Watu wenye rekodi duni ya kulipa madeni walipewa mikopo ya miaka 30. Mingi ilikuwa na riba nafuu miaka 2 ya kwanza, halafu riba inaachiliwa ipande. Tuseme umekopa dola 200,000 kwa riba ya 7%. Kila mwezi unalipa kama dola 1,330. Riba ikifika 10% mwaka wa tatu, unadaiwa karibu dola 1,740. Na mshahara ni ule ule.

Mkopeshaji alijali? Wapi! Hakukaa na hilo deni. Aliliuza Wall Street, likaunganishwa na mengine na kuuziwa wawekezaji. Kamisheni yake alikuwa ameshakula. Wengine hata payslip hawakuitisha. Bei za nyumba ziliposhuka, watu wakashindwa kulipa na wakashindwa pia kuuza. Septemba 2008, Lehman Brothers ikafilisika.

Kuna wanaosema wakopaji walikuwa na tamaa tu. Mimi sikubali. Aliyejua hesabu yote ni aliyeandika mkataba. Ndiyo maana naunga mkono sheria ya Dodd-Frank ya 2010. Kanuni zake, zilizoanza kazi 2014, zinamtaka mkopeshaji wa nyumba athibitishe kwanza kwamba mapato yako yatatosha kulipa, na asipige hesabu kwa ile riba nafuu ya mwanzo pekee.

Mkopo wa simu si mkopo wa nyumba, lakini tangazo ni lile lile. Hapa Kenya, kanuni za Benki Kuu za 2022 zinawataka wakopeshaji wa kidijitali wawe na leseni na wakueleze gharama kabla hujakubali. Hiyo ni hatua nzuri, ila sheria haiwezi kukusomea skrini.

Kwa hivyo kabla ya kubonyeza "Kubali", tafuta namba moja: jumla nitakayolipa ni pesa ngapi, na mwisho ni lini? Usipoiona, achana na huo mkopo, hata kama ni sisi tumekuletea.