WASAIDIZI WA KISHERIA SI WACHOCHEZI



Tunaandika habari hii kwa uchungu. Kijijini kwetu wapo wenzetu, wake kwa waume, waliojitolea kuwa wasaidizi wa kisheria. Hawana mshahara. Wanatembea kwa miguu na mvua inawanyeshea, ili mjane aelezwe haki yake. Na malipo yao nini? Matusi kilabuni! Eti wachochezi. Eti wanavunja ukoo. Sisi tunasema huo ni uongo.

Tukumbushane yaliyotokea msimu wa kahawa uliopita. Mwenzetu mmoja alifariki. Matanga hayajaisha, shemeji kafika na kamba kupima kibanja. Mjane akaambiwa chukua watoto urudi kwenu. Kahawa aliyoipalilia yeye na kuichuma yeye ililetwa hapa ghalani, fedha akapokea shemeji. Sisi viongozi tuliona tukanyamaza. Waliosema ni wasaidizi hao wawili. Walimwandikia mjane madai yake, wakafuatana naye mpaka Baraza la Ardhi la Kijiji. Leo yumo kibanjani mwake na watoto wa ukoo huo huo. Hivi hapo nani alitaka kuvunja ukoo?

Wengine wanasema ni mila. Basi wasikie. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inasema mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya ardhi ni batili. Na kabla ya hapo, mwaka 1990, palikuwa na kesi ya mama wa mkoa wetu huu wa Kagera, Holaria Pastory. Alirithi shamba kwa baba yake, akaliuza. Mtu wa ukoo wake akamshtaki, eti mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwa Katiba kwamba haki ya mwanamke ni sawa na ya mwanamume.

Wengine wanaogopa mjane akiolewa tena, kibanja kitatoka nje ya ukoo. Lakini mwanamume akiuza butura, kahawa ingali maua, akanywea pombe, watoto wakalala njaa, mbona ukoo hauamki?

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi hawa. Si watu wa kujizukia. Na hawaishii kwenye kesi moja moja, wanadai pia kanuni mbaya zibadilishwe. Kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa mwaka 1963 ziliandika kwamba mjane hana fungu kama marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Wajane wawili wa Tanzania walilalamika mpaka Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 kamati ya haki za wanawake ikaitaka serikali yetu irekebishe. Mnyonge akipata wa kumsemea, sauti yake hufika mbali.

Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo cha jioni, tunajua aibu ya kutia dole gumba kwenye karatasi usiyoielewa. Wajane wangapi wa Karagwe na Kyerwa wametia dole gumba kwenye kufukuzwa kwao wenyewe? Anayewasomea karatasi hiyo ni mwalimu, si mchochezi.

Kwa hiyo mkutano mkuu ujao tunaleta mambo matatu:

1. Mjane aandikwe kwa jina lake katika daftari la chama cha msingi, na malipo ya kahawa yake apokee mwenyewe.

2. Kiongozi yeyote asigonge muhuri kwenye karatasi za mirathi bila mjane kuwepo na kusomewa.

3. Wasaidizi wa kisheria wapewe nafasi ya kusema katika kila mkutano wa kijiji.

Asiyekubali aje aseme mkutanoni mchana, asiseme kilabuni usiku. Sisi tulinyamaza mara moja. Hatunyamazi tena.

Ushirika ni nguvu, na mjane ni mwanaushirika!

Katibu wa Tawi