MAISHA YA MJINI: Saa Kumi na Moja Jioni

Juma lililopita kijana mmoja, karani mwenzangu akaaye Maringo, alinijia nyumbani kwangu Jericho akiwa na jambo lililomwelemea. Alikuwa ametimiza siku kumi na tisa tangu aache pombe. Akaniambia, "Kaka, mchana sina taabu. Taabu ni kujua niipeleke wapi mikono yangu nikitoka ofisini." Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana miezi kadha iliyopita maneno hayo yalikuwa yangu. Nimeona afadhali nimjibu hapa, ili na wengine wapate kusikia.

Lakini kwanza tahadhari, asije mtu akaitupa chupa usiku huu kwa kusoma maneno yangu. Yule aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asiache ghafula akiwa peke yake nyumbani. Mwili uliozoea pombe hutetemeka. Katika siku mbili za kwanza mtu aweza kushikwa na kifafa, na baadaye akaweweseka na kuona visivyokuwapo, na jambo hilo huua. Hospitalini hupewa dawa ya kumtuliza na vitamini B1, akaangaliwa mpaka hatari ipite. Wako wanaoona haya kwenda Mathari kwa sababu ya sifa ya jina hilo. Hospitali ile imekuwapo tangu mwaka 1910, na haya haijamponya mtu hata mmoja.

Sasa nirudi kwenye swali la kijana. Ofisi zetu za serikali hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi waliiita Sheria ya Mututho kwa jina la Mbunge aliyeipeleka Bungeni, iliagiza baa ziuze kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku katika siku za kazi. Nia yake ilikuwa njema, mtu asinywe saa za kazi. Walakini tazama ajabu yake: dakika ile ile mlango wa ofisi ufungwapo, ule mwingine hufunguka. Wala jambo hili si geni katika mitaa ya Eastlands. Mapema katika miaka ya 1920 Manispaa ya Nairobi ilifungua kilabu cha pombe Pumwani, ikajitwalia peke yake haki ya kupika na kuuza, na faida yake ikatumiwa kwa huduma za Waafrika mjini. Yaani mtu alikunywa, kisha akaonyeshwa alichojengewa kwa fedha yake mwenyewe. Babu zetu nao walitoka kazini wakiwa na kiu, wakakuta wametengewa mahali.

Basi mimi nilipoacha mara ya kwanza, nilidhani dawa ya saa kumi na moja ni kuiruka. Nilibaki ofisini. Wenzangu wakiondoka, mimi naendelea na mafaili mpaka saa mbili usiku, nikifurahi kwamba nimeishinda jioni. Mkubwa wangu alipendezwa sana. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amenipa barua ya kunitaka nijieleze, na nilijua vema maana ya barua ile, kwa kuwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataja ulevi saa za kazi miongoni mwa makosa ambayo mtu aweza kuachishwa kazi pasipo kupewa notisi. Nilitaka kuifuta barua hiyo kwa jasho. Nikaongezewa mafaili, nami nikayapokea yote. Nilikuwa silali vizuri, kwa maana usingizi wa aliyeacha pombe huchelewa kurudi, pengine kwa majuma mengi. Chakula cha mchana nilikuwa nakiacha. Siku ya arobaini na moja, siku ya Ijumaa, nilimaliza rundo kubwa, nikafunga droo, nikajiambia kwamba mtu aliyefanya kazi namna hii amestahili kitu kidogo. Nilifika nyumbani Jumapili.

Ndugu yangu wa Maringo, hapo ndipo nataka ukae kidogo. Watu watakuambia kwamba adui yako ni kukaa bure, nao wamesema nusu. Mimi sikuangushwa na kukaa bure. Niliangushwa na uchovu, na njaa, na ile hesabu ya moyoni kwamba nadaiwa zawadi. Kazi niliyoifanya kupita kiasi ilikuwa chupa nyingine tu, tena chupa ambayo watu huisifu.

Jumatatu ile nilikwenda kwa mkubwa wangu nikamweleza yote. Ni heri kupigwa viboko. Nilimwomba mambo mawili: nipewe kazi itoshayo siku moja, na nikiondoka saa kumi na moja nisihesabiwe mvivu. Alinitazama kwa muda, akaniuliza kama nimekula. Sikuwa nimekula.

Tangu siku hiyo hubeba viazi vitamu viwili vya kuchemsha ndani ya mfuko, nikavila saa kumi na nusu. Usicheke. Mtu aliyeshiba hupita Burma na ile harufu ya nyama ichomwayo bila kugeuza shingo. Zamani nilikuwa nikishuka hapo. Siku hizi nakaa kiti cha dirishani nyuma kabisa, ili kushuka kabla ya Jericho kuwe usumbufu kwa watu wengine. Siku ya mshahara, mama watoto hupokea fedha ya kodi, ya karo na ya chama kwa M-Pesa saa ya chakula cha mchana, nami hubaki na nauli. Mara mbili kwa juma huhudhuria mkutano wa Alcoholics Anonymous, chama kilichoanzia Akron, Marekani, mwaka 1935, wakati mlevi mmoja mfanyabiashara na mlevi mwingine daktari walipogundua kwamba wakizungumza wao kwa wao hiyo jioni hupita. Siku hizo hutoka ofisini moja kwa moja.

Na jioni zilizobaki? Nyinyi wakulima mna bahati ambayo pengine hamwijui. Marehemu baba yangu alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa, wala hakuwa mnywaji. Zamani nilidhani ni kwa ajili ya dini. Sasa nafikiri sehemu ya sababu ilikuwa wale ng'ombe: jioni ikifika humlilia mwenyewe, na hakuna rafiki awezaye kubishana na kiwele kilichojaa. (Ingawa mkulima naye ana siku yake ya hatari, ile ya bonasi ya chai, asijisifu mapema.) Karani hana ng'ombe. Ilinibidi kumtafuta.

Nilimpata bombani. Mtaani kwetu maji huja kwa zamu, na kuna bibi mzee ghorofa ya chini asiyeweza kubeba mtungi. Nilimwambia kwamba siku za maji nitamjazia mimi. Basi ananingoja mlangoni na mitungi yake minne, na nikichelewa husema kwa sauti ya kusikika hata kule Maringo. Mwezi wa kwanza niliona ni mzigo. Juzi nilimkuta amekwisha kunipikia chai.

Kijana aliniuliza kama naye aje asaidie kubeba. Nimemwambia atafute bibi wake huko kwao.

Juma lijalo, Mungu akipenda, nitajibu ile barua ya msomaji wa Kericho juu ya mwana anayekopa kwa simu. Leo ni zamu ya maji, na saa yangu yaonyesha kumi na nusu; bado sijavila viazi.