Ukimbana Fundi, Utamlipa Dukani

Mume wangu alipofanyiwa upasuaji wa goti mwaka jana, daktari alimkataza kuchuchumaa. Nyumba yetu ya Tabata, Dar es Salaam, tuliijenga kidogo kidogo miaka ya tisini, kila tukipata mshahara tofali mbili tatu, na bafu lake ni kama mabafu mengi ya wakati ule: choo cha kuchuchumaa, sakafu ya saruji iliyopigwa niru, koki moja ukutani na ndoo chini yake. Tukaamua kuweka choo cha kukaa, bomba la mvua na marumaru. Chumba chenyewe ni mita 1.5 kwa 2.4, kitanda kikubwa kikiingia humo hupati pa kukanyaga. Nilidhani ni kazi ya wiki moja. Ilichukua miezi minne, na bafu hilo limejengwa mara mbili.

Nimefundisha hisabati shule ya msingi kwa miaka 31. Wasomaji wanivumilie, leo nitahesabu hadharani, na mengi ya hesabu hizi ni ya kunitia aibu mimi mwenyewe.

Fundi wa kwanza nilimpata kama wengi wetu tunavyowapata: alitajwa na shemeji wa jirani. Alikuja jioni, akagonga ukuta kwa vidole, akachungulia chooni, akasema, "Mama, hii kazi ndogo." Ufundi alitaka shilingi 350,000. Nikafanya nilichofundishwa na marehemu mama sokoni: nikaguna, nikasimama, nikajifanya nimesahau kitu jikoni, nikarudi. Tulipomaliza ilikuwa 200,000. Usiku nikamsimulia mume wangu kwa kujisifu, kwamba nimeokoa 150,000 kwa maneno tu.

Kwenye orodha ya vifaa sikuguna. Aliiandika nyuma ya kipande cha mfuko wa saruji: marumaru za ukutani za 30 kwa 60, maboksi 18, kila boksi 30,000. Nikamhesabia 540,000 mkononi, aende Kariakoo akanunue, maana mimi mambo ya ujenzi siyajui.

Siyajui? Mimi niliyewafundisha watoto wa darasa la tano kutafuta eneo la kuta nne? Mzunguko wa chumba hicho ni mita 7.8. Marumaru zilipanda hadi mita 2.1, hiyo ni mita za mraba 16.38. Toa mlango, zinabaki kama 14.8. Ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya zitakazokatwa na zitakazovunjika, unapata 16.3. Boksi moja la saizi ile lina marumaru 8, yaani mita za mraba 1.44. Gawanya: ni 11 na ushei, basi tuseme 12. Hesabu hiyo niliifanya wiki sita baadaye, siku nilipokuwa nahamisha vifaranga na kugundua kwamba maboksi matupu niliyokuwa nawalazia yalikuwa 12 tu. Niliyahesabu mara tatu.

Nikapanda daladala hadi Kariakoo, nikaingia duka moja baada ya jingine mtaa wa Gerezani. Marumaru zile zile, rangi ile ile, 26,000. Kijana mmoja wa dukani aliponiona nimenuna akanionea huruma, akanieleza kwa upole kama mtu anayemweleza bibi yake matumizi ya simu. Fundi akileta mteja au hela ya mteja, mama, anapewa cha juu chake. Risiti inaandikwa bei utakayoipenda. (Na ukiuliza bei unajibiwa kwa swali: na risiti au bila risiti? Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18 na kila mtu hapo anaijua kuliko jedwali la kuzidisha. Hayo tuyaache, ni makala nyingine.)

Sasa hesabu. Nilitoa 540,000. Maboksi 12 kwa 26,000 ni 312,000. Tofauti ni 228,000. Kwenye ufundi nilimpunguzia 150,000, naye kwenye marumaru peke yake akajirudishia zote na 78,000 juu yake. Hapo sijagusa saruji, gundi, koki wala sinki la choo.

Hasira zilinikaa siku mbili. Ya tatu, kwa mazoea ya kusahihisha madaftari, nikafanya na hesabu ya upande wake. Alisema kazi ni ya siku 8. Saidia fundi wake alikuwa analipwa 15,000 kwa siku, jumla 120,000. Kwenye 200,000 zangu zikabaki 80,000, yaani 10,000 kwa siku kwa fundi mwenyewe, na hapo atoe nauli, chakula, na kisu cha grainda kinachoisha kila baada ya marumaru kadhaa. Kwa bei niliyojivunia, kijana wa kumchotea mchanga alikuwa anamzidi bosi wake. Mtu mzima mwenye watoto wawili alikubali bei ile akinitazama usoni, na mimi sikujiuliza kwa nini amekubali. Alikuwa amekwisha kujua atakakoipata iliyobaki.

Hii ndiyo hoja yangu, na najua itawaudhi wateja wenzangu. Tumezoea kusema mafundi wa mjini ni waongo. Tumewatungia hata jina, fundi maiko, tunacheka kwenye misiba na harusi kila mtu na kisa chake. Lakini utaratibu wetu wa kulipa unamtaka fundi awe mwongo. Ufundi tunaubana hadi hauwezi kumlisha, kisha tunamkabidhi fungu zima la vifaa bila kuhesabu. Asiyeiba hapo atashindwa na wanaoiba, kwa sababu bei yake itaonekana kubwa, nasi tutamwacha aende.

Hata ule ugonjwa wa "nipo njiani" unatoka huko huko. Fundi wangu alikuwa njiani siku nne mfululizo. Nikipiga simu asubuhi, "Nipo Buguruni hapa, mama, foleni tu," na nyuma yake nasikia nyundo inagonga. Alikuwa na kazi tatu kwa mpigo, kila moja ameichukulia hela ya kuanzia, kwa kuwa hakuna hata moja iliyotosha kumweka mahali pamoja. Hela yangu ya koki ilinunua saruji ya kazi yake ya Kinyerezi, ya Kinyerezi ilikuwa imeshalipa kodi ya chumba chake. Sisemi ni sawa. Nasema nilichangia.

Alipomaliza, bafu lilipendeza. Wageni waliomba walione. Mwezi haukuisha, rangi ya ukuta wa chumbani kwetu, upande wa pili wa bomba la mvua, ikavimba kama andazi, halafu ikaanza kutoa unga mweupe wa chumvi. Kiungo cha bomba ndani ya ukuta kilikuwa kinalia tone moja moja chini ya marumaru za 540,000. Maji ya kuoga yakawa hayaendi kwenye tundu, yanakusanyika nyuma ya mlango, pale pale mgonjwa wa goti anapokanyaga akitoka. Na kila jua likiwa kali, harufu ya shimo inapanda hadi sebuleni.

Harufu ile imenifundisha kitu ambacho nyumba nzima ya walimu hatukukijua. Chini ya tundu la bafuni panatakiwa kuwekwa bomba lililopinda, mafundi wanaliita trapu, ili pabaki maji kidogo muda wote, kina kama cha sentimita 5. Maji hayo ndiyo kizibo: ya juu yanapita, hewa ya shimoni hairudi. Fundi wangu alishusha bomba moja kwa moja hadi chemba. Trapu haionekani, na mimi nilikuwa nimelipia vinavyoonekana.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo nimeiandika ubaoni hadi chaki zikaisha. Waliotuachia hawakusema kwamba ufa ukizibwa vibaya utajenga ukuta, na sakafu pia.

Nilikuwa nimembakizia fundi 30,000 nikidhani nimemfunga. Simu ikaita mara mbili, halafu haikuita tena. Nikitazama sasa, 30,000 haikutosha kumrudisha mtu. Kuvunja ukuta, kurekebisha kiungo, kununua marumaru za kurudishia, nauli ya watu wawili: kurudi kungemgharimu zaidi ya alichokuwa ananidai. Mwenye akili asingerudi.

Fundi wa pili nilimpata chuoni, au tuseme nusu chuoni. Mwalimu mwenzangu wa zamani ana mtoto aliyesomea ufundi bomba chuo cha ufundi stadi cha VETA Chang'ombe, na kijana huyo akanielekeza kwa mzee aliyemfundisha kazi mtaani. Mzee mwenyewe hakupita darasani. Alijifunza akiwa saidia fundi, akaja kupimwa na VETA ukubwani kwenye ule utaratibu wa kurasimisha ujuzi, akapewa cheti. VETA imeanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, na miaka yote hiyo mimi sijawahi kumuuliza fundi yeyote cheti. Nimeuliza bei. Hausigeli tunamdai barua ya serikali ya mtaa na namba ya mjomba wake; mtu wa kuvunja ukuta wa nyumba tunamfungulia geti kwa sababu shemeji wa jirani kasema. Nilipomwomba mzee barua na cheti hakununa. Alivitoa kwenye mfuko wa plastiki aliokuwa ameukunja mara nne, tena akaniuliza mimi kama nina hati ya nyumba au ni mpangaji, maana aliwahi kuvunja ukuta kwa amri ya mtu asiye mwenye nyumba.

Alitaja 450,000. Mdomo ulinifunguka wenyewe kuguna, nikaufunga. Siku 10 na saidia fundi wa 15,000, zinamrudia yeye 30,000 kwa siku. Nikakubali bila kusimama, ila kwa masharti matatu tuliyoyaandika kwenye daftari na kutia sahihi mbele ya mume wangu. Vifaa nanunua mimi kwa orodha yake. Ufundi unalipwa vipande vinne: 100,000 mabomba yakishalazwa na kujaribiwa, 150,000 sakafu ikishazuiwa maji, 100,000 marumaru zikiisha, na 100,000 za mwisho baada ya siku 30 za kuoga. Hela ya kula, 10,000 kwa siku kwa watu wawili, naitoa kando na haihesabiwi kwenye ufundi, kwa sababu mtu hawezi kusubiri siku 30 akiwa na njaa.

Orodha yake ilikuwa na vitu ambavyo ile ya kwanza haikuwa navyo: trapu, dawa ya kuzuia maji ya kupaka sakafuni na chini ya kuta, tepu za kuzungushia nyuzi za viungo. Marumaru aliandika "Mwalimu apige hesabu mwenyewe." Nilimpenda kuanzia hapo.

Alivunja siku mbili. Mabomba mapya yalipolazwa alifungua maji, akayaacha yakae na nguvu usiku kucha kuta zikiwa wazi, asubuhi akapita na tochi na kitambaa kikavu kwenye kila kiungo. Sakafu alipoipaka dawa aliziba tundu kwa tambara lililofungwa nailoni, akajaza maji, akachora mstari wa chaki yalipofikia, akaenda zake. Siku nzima tulioga kwa jirani. Maji yalibaki pale pale kwenye chaki. Halafu ikaja zamu ya mteremko, sentimita 2 kwa kila mita, na hapo akamwomba mjukuu wangu gololi. Akaiweka nyuma ya mlango. Ilijishauri kidogo, ikateremka yenyewe hadi kwenye tundu. Mjukuu akairudisha mlangoni, ikateremka tena. Alicheza hivyo hadi magharibi, na mzee akamwachia.

Kuna watakaoniambia 450,000 ni za mstaafu mwenye kiinua mgongo, mwenye kipato kidogo afanye nini. Nawajibu kwa hasara niliyopata: kila hela niliyotoa mara ya kwanza niliitoa tena, na kuvunja juu yake. Asiye na 450,000 leo aweke choo na trapu na mteremko, kuta azipige lipu na kuzipaka rangi ya mafuta, marumaru zingoje. Tumeuvuruga mpangilio huo kwa sababu mgeni haoni mteremko.

Siku ya 30 mzee alikuja alfajiri, kabla ya chai. Hakutaja hela. Alimwaga ndoo ya maji nyuma ya mlango akayatazama yanavyokwenda, kisha akaomba ruhusa kwa mume wangu, akaingia chumbani kwetu na kuupapasa ule ukuta kwa kiganja kutoka chini hadi alipofika mkono. Nikamhesabia 100,000 zake. Akazikunja ndani ya ule mfuko wa cheti, akanywa chai, akaniuliza kama nina mpango wowote na jiko. Nikamwambia alete orodha. Maboksi nitahesabu mwenyewe.