Nani Atamdhamini Majeruhi?

Tunaposikia mfano wa Msamaria mwema, wahubiri wetu hupenda kumlaumu kuhani na Mlawi, kisha husifu mafuta na divai. Mwenye nyumba ya wageni hupitiwa haraka, ingawa ndiye aliyebaki na mgonjwa. Alipewa dinari mbili mkononi, tena akaahidiwa kwamba gharama yoyote itakayozidi italipwa. Majeruhi yule alipata kitanda kwa kuwa palikuwa na mtu wa kumdhamini. Hapa Kolwezi mambo hayajawa mengine.

Tuwaze watu wawili walioanguka siku moja katika vilima vya Mashamba. Wote wawili wamevunjika mguu hata mfupa ukatokeza nje ya ngozi. Wa kwanza ni mwajiriwa wa kampuni kubwa. Karani wa hospitali huuliza jina la kampuni, huandika, na mgonjwa huingizwa ndani. Wa pili ni mchimbaji wa kujitegemea, aliyeletwa na wenziwe juu ya pikipiki. Yeye huulizwa fedha za kutanguliza. Wenziwe hupapasa mifuko, mmoja hukimbia kutafuta mnunuzi wa gunia lao la madini, na saa zinapita. Kidonda cha namna hiyo kinataka kuoshwa vizuri, dawa ya kuzuia usaha, na sindano ya pepopunda, navyo vyote mapema. Kikicheleweshwa, usaha huingia mfupani, na huenda mguu ukakatwa. Wengine humpeleka mgonjwa kwa fundi wa mifupa wa kijijini. Hatuwadharau mafundi hao, lakini kufunga vijiti juu ya kidonda kilicho wazi ni kukifungia uchafu ndani.

Wazee wetu watasema kwamba zamani haikuwa hivi. Ni kweli kwa nusu. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, iliwapa wafanyakazi na jamaa zao hospitali, shule na posho, na baada ya kutaifishwa mwaka 1967 shirika la serikali, lililokuja kuitwa Gécamines, liliendeleza desturi hiyo. Watu waliliita baba na mama. Lakini baba huyo alitaka mikono yenye nguvu kwa ajili ya shaba yake, na asiyekuwa mtu wa kampuni hakuwa mwana. Mgodi wa Kamoto ulipoporomoka mwaka 1990, uzalishaji ulishuka vibaya. Katika miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa malipo ya mara moja, kwa fedha za Benki ya Dunia. Malipo yale yaliliwa upesi, na haki ya matibabu ilikuwa imekwisha kwenda. Ndipo wengi, pamoja na wana wao, waliposhika sululu.

Sheria ya kazi ya mwaka 2002 yamlazimu mwajiri kumtibu mfanyakazi na jamaa wanaomtegemea, muda wote wa mkataba. Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo yenye mtego. Uchunguzi wa shirika la RAID uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kwamba katika migodi mitano mikubwa ya kwetu zaidi ya nusu ya wafanyakazi waliletwa na wakandarasi. Mtu huvaa kofia ya mgodi mkubwa, kumbe mkataba wake ni wa kampuni ndogo isiyojulikana hospitalini.

Na mchimbaji asiye na mkataba? Tarehe 27 Juni 2019 udongo uliwafukia wachimbaji katika shimo la KOV, na watu 43 au zaidi wakafa. Magazeti huwahesabu waliokufa. Aliyetoka hai na nyonga iliyovunjika huhesabiwa na mtunza fedha wa hospitali tu. Asipolipa, aweza kuzuiliwa wodini hata baada ya kupona. Lubumbashi, uchunguzi wa mwaka 2016 katika hospitali moja ulikuta karibu nusu ya akina mama waliokwisha kuruhusiwa wakizuiliwa kwa sababu ya deni la uzazi. Hospitali nazo zina kilio chao, maana serikali huzipa kidogo na dawa hununuliwa kwa fedha za wagonjwa. Lakini kumfungia maskini hakujazi sanduku, ila huongeza deni.

Hatuoni haja ya kungoja baba mwingine. Sheria ya migodi ya mwaka 2018 yamtaka mchimbaji awe na kadi na ajiunge na ushirika, na sheria ya tarehe 8 Februari 2017 yatambua vyama vya kusaidiana. Mchango twaujua sana, lakini twauchanga mgonjwa akiwa tayari analia mlangoni. Ungekatwa kidogo kidogo penye mizani, kila gunia linapopimwa, na ushirika ukapatana na hospitali mapema, karani angeuliza jina la ushirika kama anavyouliza jina la kampuni.

Enyi akina mama, jioni hii mwulizeni baba wa nyumba mambo matatu. Nani aliyetia sahihi mkataba wake, au ushirika wake ni upi? Ni hospitali gani itakayompokea bila kudai fedha kwanza? Je, upasuaji wa mfupa umo? Akiwa hana majibu, na amwendee msimamizi au mwenyekiti wake kabla hajarudi shimoni Jumatatu.