Popo si Ndege

Jioni watoto wetu wa Lubumbashi huona popo akiruka, wakamwita ndege. Tuwafundishe vema. Wanyama wenye uti wa mgongo twawagawanya katika makundi 5: samaki, vyura na jamaa zao, watambaao, ndege, na wanyonyeshao. Popo hatagi mayai. Bawa lake ni ngozi iliyotandwa juu ya vidole virefu. Huzaa na kunyonyesha. Basi yu kundi moja na tembo, na sisi pia. Kila mwaka, tangu Oktoba, popo kwa mamilioni hukusanyika Kasanka, Zambia, ng'ambo ya mpaka wetu, kula matunda. Nao hueneza mbegu za miti. Tusiwaue bure. Lakini mtoto asimshike popo aliyeanguka, maana akimwuma aweza kumwambukiza ugonjwa wa kufisha.