Wadhifa Si Kiti

Ndugu wanachama, twasikia baadhi yetu wakijivunia wadhifa kana kwamba ni kiti na meza. Sivyo. Neno hili latoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni fungu la kila siku alilokadiriwa mtu, liwe la chakula au la kazi. Hata baadhi ya watu wa tarika huziita nyuradi zao za kila siku wadhifa.

Basi karani alaye fungu la chakula, akaliacha fungu la kazi jaladani, na raia amesimama dirishani tangu asubuhi, hana wadhifa. Ana kiti tu. Na mkubwa atakaye kazi kamili kwa mshahara pungufu, naye amelikata neno hilo vipande viwili. Sisi twayataka mafungu yote mawili: la kazi tulitimize, la chakula tulipewe.